Usiulaumu Mdomo wa Kifaranga

Wafugaji wa vifaranga hapa Butali hawakosi washauri. Wiki ya tatu imeingia, unafungua mlango asubuhi, unamkuta kifaranga mmoja amenyofolewa mkia, ngozi ya mgongoni iko wazi na inavuja damu, na wenzake saba au wanane wanamwandama kutoka pembe hadi pembe wakimdonoa palepale. Kabla ya saa nne jirani ameshakwambia ukate midomo. Mwenye agroveti kando ya barabara ya Webuye amekushauri ununue balbu nyekundu. Mwendesha boda aliyekuletea maranda amesema utie chumvi kwa maji. Shemeji yako, ambaye ndiye atakayemla jogoo Krismasi, anashikilia kwamba haya ndiyo malipo ya kuacha kuku wa mama na kukimbilia wa gredi. Kila mmoja ana hakika, na kila mmoja anamjua mtu aliyefanya hivyo mambo yakanyooka.

Madai haya nimeyasikia mengi. Machache ni uongo mtupu. Mengine yana chembe ya ukweli ndani ya hatari kubwa. Karibu yote yanamtazama kifaranga na kuisahau sakafu anayoikanyaga. Kifaranga huzaliwa akijua kudonoa: hudonoa ardhi, majani, mchanga, wadudu na kivuli chake mwenyewe, mchana kutwa, awe ameshiba au ana njaa. Mwaka wa 1986 mtafiti wa Uholanzi, Harry Blokhuis, alitoa hoja ambayo tafiti nyingi zilizofuata zimeiunga mkono: kudonoana manyoya ni udonoaji wa ardhi uliokosa ardhi. Kama sakafu haina cha kutafutwa, mdomo huhamia kwa jirani.

Na jirani huyo ana cha kudonolewa. Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne, malaika ya kuanguliwa yanapisha manyoya halisi, kwanza mabawani, kisha mkiani. Unyoya mchanga hutoka ukiwa umefungwa kwenye ala yenye rangi ya kibuluu, na ndani yake mna damu hai inayoulisha ukue. Mtazame kwa karibu kifaranga wa siku ya ishirini: pale chini ya mkia utaona ala hizo zimejipanga, zinang'aa, zimechongoka. Mwenzake akiivuta moja, hutoka tone la damu. Kuku huona rangi vizuri kuliko sisi, na tone jekundu kwenye mwili wa kijivu ni mwaliko. Kwa hivyo mambo huharibika wiki ya tatu, wala si siku ya pili.

“Hao wanatafuta ukubwa tu. Waache, watatulia.”

Dai hili linachanganya mambo mawili. Ni kweli kuku wana madaraka. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway ndiye aliyeandika habari zake kwa mara ya kwanza, kwenye miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku tangu utotoni mwake. Lakini ugomvi wa ukubwa una sura yake. Wawili hutazamana uso kwa uso, hunyoosha shingo, mmoja humpiga mwenzake kichwani au kwenye undu, aliyeshindwa hukimbia, na mambo huishia hapo. Kudonoana manyoya hakuna kelele wala kutazamana. Mdonoaji huja kwa nyuma, polepole, akalenga mkia, mgongo au kinyeo, akavuta. Pengine unyoya anaumeza. Mwathiriwa mara nyingi hasogei mpaka ameumia. Ugomvi wa ukubwa ukiuacha hutulia. Huu mwingine ukiuacha, jioni una mizoga. Kaa kando ya bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga, robo saa bila kusema neno, utajua ni upi.

“Maranda yatawaua, watayameza. Tandika magazeti.”

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloanzisha mengine yote, na linasemwa na watu wenye nia njema kabisa. Mfugaji amenunua vifaranga mia moja wa siku moja, labda Kuroiler, labda Sasso, labda wale wa kienyeji walioboreshwa na shirika la utafiti la KALRO. Wamefika ndani ya katoni yenye matundu, ametumia pesa nyingi, hataki afe hata mmoja. Basi anatandika gazeti, anaweka chakula kwenye sahani, maji kwenye kinyweshi, anafunga mlango. Wiki nzima kifaranga anatembea juu ya karatasi tupu. Anamaliza kula baada ya dakika chache, kisha ana saa nyingi za mwanga na mdomo usio na kazi.

Zaidi ya hapo, karatasi huteleza. Kifaranga anayeteleza siku za mwanzo anaweza kutawanya miguu pande mbili asiweze tena kusimama, na asiyesimama ndiye wa kwanza kudonolewa.

Je, watameza maranda? Watayaonja. Kifaranga huonja kila kitu, ndivyo anavyojifunza kipi ni chakula. Vipande vikubwa vya maranda makavu kutoka kwa seremala havimdhuru mwenye chakula cha kutosha mbele yake. Kinachodhuru ni vumbi laini la msumeno, ambalo kwa umbo linafanana na unga wa vifaranga na huwaingia mapafuni, na takataka iliyolowa ikaota ukungu. Basi hofu ina msingi ila imeelekezwa mahali pasipo. Weka gazeti chini ya sahani za chakula siku mbili tatu za kwanza wajue kula ni wapi, na sehemu nyingine yote ijaze maranda unene wa vidole vinne tangu saa ile wanapotolewa kwenye katoni. Wanasayansi wa Uswisi, Beat Huber-Eicher na Beat Wechsler, walionyesha mwaka wa 1997 kwamba vifaranga waliokuwa na kitu cha kuparua na kuchakura walidonoana kidogo kuliko walionyimwa. Maranda waliyopewa wiki ya kwanza yanafanya kazi kuliko maranda waliyotupiwa wiki ya nne, baada ya mdomo kuzoea manyoya.

Nadokeza jambo moja la hapa kwetu. Kwa kuwa tumezungukwa na miwa, wapo wanaotandika makapi ya miwa yaliyokamuliwa. Yakiwa makavu kabisa, sawa. Lakini makapi hayo yana sukari iliyobaki, na kwa mvua ya huku Kabras ya Aprili na Mei yakilowa kidogo tu huota ukungu upesi. Ukungu huo ukiingia mapafuni mwa kifaranga, utaisahau shida ya kudonoana. Seremala wa Butali au Malava atakupa gunia la maranda kwa bei ya chai, wakati mwingine bure kwa sababu unamwondolea uchafu.

Maranda peke yake nayo hayatoshi. Kila asubuhi na alasiri rusha kiganja cha chenga za mahindi juu yake, wachakure. Funga majani ya nje ya sukuma wiki kwa uzi, yaning'inie urefu wa kichwa cha kifaranga, ili kila anapodonoa yamkimbie. Msimu wa kumbikumbi usiwale wote mwenyewe. Mchwa wa kichuguu, wakitegwa usiku kwa chungu chenye mabua na samadi, ni protini, tena ni mchezo wa saa nzima.

“Kuku wa kienyeji hawadonoani. Huu ni ugonjwa wa kuku wa gredi.”

Hapa ndipo shemeji anapoanza kutamba. Na kwa macho yake ana haki: hajawahi kumwona kuku wa mama akitembea na vifaranga kumi uani, mmoja wao akiwa amechunwa mgongo. Ila anachokiona si ukoo peke yake. Anaona vifaranga kumi badala ya mia moja, eneo la nusu ekari badala ya boksi, udongo, nyasi, kinyesi cha ng'ombe, na mama. Mama ndiye jambo kubwa. Akipata mdudu huita kwa mlio wa haraka, akadonoa chini, na watoto wanajifunza kwamba mdomo ni wa ardhini. Anapowafunika, wote wanalala gizani kwa wakati mmoja, kwa hivyo hapabaki wachache macho wa kuwadonoa waliolala. Anja Riber na wenzake walichapisha mwaka wa 2007 utafiti uliolinganisha vifaranga wa kuku wa mayai waliolelewa na mama na wale waliolelewa bila mama. Waliokuwa na mama walidonoa ardhi zaidi, na kulana kulipungua. Hao hawakuwa wa kienyeji; walikuwa kuku wa biashara wale wale wanaolaumiwa.

Wachukue vifaranga mia moja wa kienyeji halisi, mayai ya mabanda ya Kabras, uwaangulie mashineni na kuwafungia kwenye boksi la meta mbili juu ya gazeti. Watadonoana. Ukoo una sehemu yake, nitaufikia, lakini boksi lina sehemu kubwa zaidi.

Jibu la vitendo kwa aliye na kuku wa mama anayeatamia ni kumpa wageni. Usiku, akiwa juu ya mayai, mtolee mayai na umsukumie vifaranga wa siku moja chini ya mbawa, wasizidi anaoweza kuwafunika. Wazee wetu wamefanya hivyo bila kusoma jarida lolote.

“Huku kwetu baridi. Vifaranga hawawezi kuzidiwa na joto.”

Usiku ni baridi, kweli. Lakini nyumba ya mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, na jiko la makaa bado limo ndani kwa sababu asubuhi lilihitajika? Kifaranga wa siku ya kwanza anataka nyuzi 33 hadi 35. Kila wiki unapunguza takriban nyuzi 3. Wengi hawapunguzi. Wiki ya tatu kifaranga ameota nusu ya manyoya na bado anapigwa na joto la siku ya kwanza, anahema mdomo wazi, amekasirika, hana pa kwenda.

Na hana pa kwenda kwa sababu boksi halikupanuliwa. Vifaranga mia moja hutosha kwenye meta mbili za mraba wiki ya kwanza. Wakifika wiki ya nne wanahitaji meta tano, na wiki ya nane kumi. Mwili umekua mara kadhaa, ukuta wa hadibodi uko palepale. Utafiti wa Huber-Eicher na Laurent Audigé katika mashamba ya Uswisi, uliochapishwa 1999, ulipata kwamba kudonoana kulikuwa zaidi penye msongamano wa kuku kumi au zaidi kwa meta ya mraba, na pale ambapo vifaranga hawakuwa na fito za kupandia. Fito hazigharimu kitu: mti wa mkaratusi wenye unene wa kidole gumba, urefu wa shibiri kutoka chini, tangu wiki ya pili. Anayefukuzwa anaruka juu, mkia wake haufikiwi.

“Tia chumvi kwenye maji.”

Hapa kuna ukweli, na ndiyo maana dai hili haliishi. Kuku akikosa sodiamu hutafuta chumvi popote, na damu na manyoya ya mwenzake vina chumvi. Mchanganyiko wa chakula usio na chumvi huleta kudonoana, jambo ambalo limejulikana muda mrefu. Aliyetia chumvi wakatulia hakudanganywa na macho yake.

Swali ni hili: kwa nini walikosa chumvi? Unga wa vifaranga unaouzwa kwa mfuko tayari umetiwa chumvi, takriban gramu 3 kwa kila kilo. Upungufu huja mfugaji anapojichanganyia mahindi na omena bila kutia chumvi, au, na hili ndilo la kila siku, anapouongeza mfuko kwa pumba za kisiagi ili ufike mwisho wa mwezi. Debe moja la pumba halipunguzi chumvi peke yake. Linapunguza protini, ambayo kifaranga anaihitaji kwa asilimia 18 hadi 20 wakati mahindi yenyewe yana 8 au 9, na linapunguza methionini, ambayo ndiyo inayojenga unyoya. Kifaranga ambaye hana malighafi ya manyoya anakwenda kula manyoya ya mwingine. Kumtilia chumvi kwenye maji ni kuziba tundu moja la gunia lenye matundu matatu.

Sasa tufanye hesabu ya dawa yenyewe kama inavyotolewa: kijiko kikubwa cha chumvi kwa lita nne. Kijiko hicho ni gramu 18 hivi, yaani gramu 4.5 kwa lita, nusu ya uchumvi wa maji ya dripu hospitalini. Vifaranga hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula wanachokula. Kwa kila kilo ya chakula watakunywa lita mbili, wapate gramu 9 za chumvi juu ya 3 zilizokuwa ndani ya chakula: mara nne ya kiwango. Figo za kifaranga haziwezi mzigo huo. Atakunywa zaidi kwa kiu, atahara maji, tumbo litajaa maji, wengine watalegea na kufa. Kuhara huko kunalowesha maranda, kinyesi kinaganda kwenye kinyeo, na kinyeo chenye uchafu ni mahali penye kudonolewa kuliko pote. Umezima moto kwa mafuta ya taa.

Kama unachanganya chakula mwenyewe, chumvi ya mezani iingie kwenye unga, gramu 150 kwa gunia la kilo 50, ikiwa imekorogwa kwanza na kilo chache za unga ili isikae mahali pamoja. Kama unanunua mfuko, usiuongeze pumba kabla ya wiki ya nane. Maji yabaki maji.

“Kata midomo, mambo yaishe.”

Yataisha kwa kiasi, sikatai. Kuku aliyekatwa mdomo ana shida kunyofoa unyoya. Ndiyo sababu mashamba makubwa ya kuku wa mayai yamefanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini tuangalie kinachoitwa kukata midomo Butali. Katika kiwanda cha kuangulia huko ughaibuni, hufanywa siku ya kwanza kwa mashine ya miale, ncha tu, na inaanguka yenyewe baadaye. Hapa hufanywa wiki ya tatu au ya nne, damu ikiwa tayari imeonekana, kwa kisu kilichopashwa moto jikoni au kwa kikata kucha. Mdomo si ukucha. Ncha yake imejaa mishipa ya fahamu. Ndiyo inayomwezesha kuku kuchagua punje kwenye mchanga. Michael Gentle, aliyefanya kazi Edinburgh, alionyesha kwenye miaka ya 1980 kwamba mishipa iliyokatwa huweza kuota vinundu na kumwachia kuku maumivu ya muda mrefu. Kifaranga aliyeunguzwa mdomo hali kwa siku kadhaa, na akirudi kula hawezi kuokota unga laini. Ulitaka akue kwa Desemba. Umemrudisha nyuma mwenyewe.

Tena umemwachia sababu. Joto ni lilelile, boksi ni lilelile, pumba ni zilezile. Ametolewa chombo, hakutolewa hamu.

Wapo watakaosema wenye kuku milioni hawawezi kukosea. Norway, Sweden na Finland zimekataza kukata midomo kwa miongo kadhaa na bado zinakula mayai. Ujerumani, kwa makubaliano ya serikali na wafugaji wenyewe, iliacha kuingiza mabandani kuku wa mayai waliokatwa midomo tangu 2017, Uholanzi ikapiga marufuku 2018. Walichofanya badala yake ni maranda, nafaka ya kurushwa, fito, nafasi na majani ya kuning'iniza. Hakuna kimoja kati ya hivyo kisichopatikana Butali, na mfugaji wa vifaranga mia moja anavimudu kwa urahisi kuliko mwenye elfu ishirini.

“Nunua balbu nyekundu.”

Wazo la kuwaficha kuku damu kwa rangi nyekundu lina historia ya kuchekesha. Mwaka wa 1903 Mmarekani mmoja wa Tennessee, Andrew Jackson, alipewa hataza ya miwani ya kuku, ili macho yao yasidonolewe. Baadaye zikaja miwani zenye vioo vyekundu, na watu walinunua. Kuku alitembea uani amevaa miwani kama mwalimu mkuu. Balbu nyekundu ni mjukuu wa miwani ile, na ina faida: chini yake tone la damu halijitokezi sana.

Ila balbu hiyo ya kutia joto mara nyingi ni ya wati 250. Ukiiwasha mchana kwenye nyumba ya mabati umerudi kwenye shida ya joto, na umeme ukipotea usiku wa mvua vifaranga walioizoea wanarundikana na kuumizana. Kabla ya kununua, tazama mwanga ulio nao. Tundu la msumari kwenye mabati linapitisha mwale wa jua, ukaanguka kwenye maranda, kifaranga mmoja akasimama ndani yake na mkia wake ukang'aa kuliko wote. Wenzake wanakusanyika hapo. Nimeona kudonoana kukianzia kwenye doa la jua lenye upana wa kiganja. Kuziba matundu kwa lami na kutundika gunia dirishani upande wa magharibi kutakusaidia kuliko balbu.

“Mpake pilipili, au oili chafu.”

Pilipili inachekesha kwa sababu jibu lake liko kwenye ua wa kila mtu. Nani hajaona ndege wakila pilipili kichaa bila kupepesa jicho? Ukali wa pilipili unasikiwa na kipokezi fulani cha neva, na kipokezi cha kuku hakiitikii. Sven-Eric Jordt na David Julius walilieleza hilo mwaka wa 2002, na Julius alipata Tuzo ya Nobel 2021 kwa kazi yake kuhusu kipokezi hicho. Kwa hivyo anayelia ni wewe uliyetwanga.

Oili chafu ya gari haichekeshi. Inaunguza kidonda, ina mabaki ya metali, na wanaoendelea kudonoa wanaimeza. Vilevile nyama utaila wewe. Nunua dawa ya zambarau, ile GV ya bei nafuu inayouzwa kila agroveti. Inakausha kidonda, na rangi yake inafunika wekundu.

“Ni chawa.”

Mara chache. Inua bawa, tazama ngozi. Ukiwaona, tibu, usipowaona, acha kuwasingizia. Vifaranga waliotoka mashineni na kuingia kwenye maranda mapya hawana pa kupata chawa isipokuwa kwako, kwa kuku wakubwa walio banda la jirani.

“Aliyeonja damu haachi. Chinja.”

Mwenye kusema hivi hudhani kuna kifaranga mmoja mwovu. Wakati mwingine yupo. Ukimtambua kwa hakika, kwa kumtazama robo saa ile niliyoitaja, mtenge kwa siku kadhaa. Lakini mara nyingi walioshika damu mdomoni ni wengi, na aliyeanza ameshasahau. Ukianza kuchinja kwa kubahatisha utaishia na supu na tatizo lako bado liko.

Kuhusu ukoo, ambao niliahidi kuufikia: tabia hii hurithiwa kwa kiasi. William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alichagua kuku wa kuzalisha kwa kuangalia kizimba kizima badala ya kuku mmoja mmoja, yaani kizimba walichoishi pamoja wakataga na wasiuane. Katika vizazi vichache vifo vya mwaka kwenye vizimba vilishuka kutoka asilimia 68 hadi chini ya 9, kwa kuku wasiokatwa midomo. Huo ndio uteuzi wenye maana, na ni kazi ya wazalishaji na ya watafiti kama wale wa KALRO walio hapo Kakamega. Mfugaji wa Butali anaweza kumuuliza anayemuuzia vifaranga wazazi wao walikuwaje, na kama kundi lililopita lilidonoana. Kuchinja kifaranga wa wiki tatu nyuma ya jiko si uteuzi wa mbegu.

Kwa aliyejeruhiwa, mtoe mara moja, kabla hata hujatafuta sababu. Mpake GV, mweke kwenye katoni yenye maranda, maji na chakula, pamoja na mwenzake mmoja mpole asije akaonekana mgeni atakaporudi. Boksi la wenzake lipanue siku hiyohiyo, jiko litoe mchana, ning'iniza sukuma, ziba matundu. Kidonda kikishakauka na kufunikwa na manyoya, warudishe wawili hao usiku, giza likiwa limeshika na wengine wamelala, kisha uamke kabla ya jua kutoka, ukae robo saa, utazame nani anamfuata nani.